Kwato Vumbini: Mapenzi ya Kubuni katika Visasili na Mbalamwezi ya Sayari Nyingine

Utangulizi

Mji wa Garissa umekaa kwenye ukingo wa mashariki wa Mto Tana, kusini kidogo mwa ikweta. Kwa mfugaji wa nyanda zinazouzunguka, mwezi ni kalenda kabla ya kuwa pambo. Kwa mwandamo wake hujulikana Ramadhani na Idi. Na kwa kuulinganisha na nyota, wazee wa Kisomali wamekuwa wakikadiria kuja kwa mvua za gu na za deyr, elimu ambayo Muusa Galaal aliikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1968. Mbalamwezi humwonyesha mchungaji ngamia aliyepotea, na vilevile humwonyesha fisi pengo lililo katika ua wa zizi. Ni mwanga usiobagua.

Katika fasihi, hata hivyo, mwezi aghalabu hupewa kazi moja tu, nayo ni kuwamulika wapendanao. Kazi hiyo imezidi kushamiri katika miaka ya karibuni, ambapo visasili vya Wayunani vinasimuliwa upya kwa wingi katika riwaya na katuni. Sifa mojawapo ya masimulizi hayo ni kupachika mapenzi mahali ambapo matini ya kale ina utekaji, au mapatano baina ya wanaume wawili. Kazi hizo humfikia msomaji wa Garissa kupitia simu ya mkononi kama zinavyomfikia wa Nairobi au wa London.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: msimulizi anapobuni mapenzi, huongeza nini na hufuta nini? Makala haya yanadai kwamba kubuni mapenzi si kosa katika sanaa. Kosa huja pale ambapo mapenzi hayo yanatumiwa kuizima sauti ya mtu ambaye hakuulizwa. Dai hili haliwahusu Wayunani peke yao. Linagusa utendi mashuhuri uliozaliwa kwenye mdomo wa mto huohuo unaopita Garissa, na linagusa pia maisha ya wasomaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambao baadhi yao wanazijua vyema posa ambazo msichana husikia habari zake mwisho.

Persephone na Maneno ya Mshenga

Kisa kinachosimuliwa upya kuliko vingi ni kile cha Persephone na Hades. Matini kongwe inayokieleza kwa ukamilifu ni utenzi wa kumsifu Demeter, unaonasibishwa na Homer ingawa haukutungwa naye, na ambao kwa kawaida huwekwa katika karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Humo msichana anachuma maua pamoja na wenzake. Anainama kuchuma ua la nargisi lililooteshwa makusudi kuwa mtego, ardhi inapasuka, na Hades anamnyakua katika gari lake la farasi. Babake, Zeus, amekwisha kuridhia. Mamake hajui lolote. Msichana anapiga ukelele akimwita baba huyohuyo aliyemtoa.

Ukelele huo una mashahidi wawili. Helios, ambaye ndiye jua, aliona kila kitu. Hekate, aliyekuwa pangoni mwake, hakuona ila alisikia; na huyu ndiye ambaye Wayunani wa baadaye walimhusisha na mwezi. Demeter anazunguka siku tisa na mienge mikononi kabla ya kumfikia Helios na kumuuliza. Jua linamweleza ukweli wote, kisha linaongeza jambo ambalo wahakiki wengi hulipita haraka: linamshauri mama aache kulia, kwa kuwa Hades si mkwe wa kuaibisha, ni ndugu yake mwenyewe, na ni mfalme wa theluthi moja ya ulimwengu.

Hayo ni maneno ya mshenga. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye jamvi la posa, iwe Garissa au Lamu, ameyasikia kwa lugha nyingine: kijana ana ukoo, ana mali, ni wa nyumbani. Kwa hiyo si kweli kwamba waandishi wa leo ndio wa kwanza kukilainisha kisa hiki. Ulainishaji umo ndani ya matini yenyewe, umewekwa kinywani mwa shahidi aliyeona. Tofauti ni kwamba mtunzi wa kale hakumruhusu Helios afunge mjadala. Demeter hakufarijika, akazuia nafaka isiote mpaka bintiye aliporudishwa. Naye binti, aliporudi, alipewa nafasi ya kusimulia mwenyewe. Msimulizi alikuwa amesema kwamba Hades alimlisha punje ya komamanga kwa siri. Persephone anamwambia mamake kwamba alilazimishwa. Pengo hilo dogo baina ya kauli ya msimulizi na kauli ya mhusika ndilo moyo wa utenzi huo.

Katika katuni ya Rachel Smythe iitwayo Lore Olympus, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, Hades ni mpenzi mpole na Persephone anamwendea kwa hiari yake. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mwandishi huyo ameuziba ukelele. Uchunguzi wa haki unaonyesha jambo tata zaidi: dhuluma haikufutwa, bali ilihamishwa. Katika katuni hiyo anayemdhulumu Persephone kimwili ni Apollo, na athari za tendo hilo zinafuatwa kwa muda mrefu. Mwandishi alisikia ukelele, ila hakutaka utoke katika nyumba ambamo alikusudia kujenga mapenzi. Pat Barker naye, katika riwaya yake ya The Silence of the Girls ya mwaka 2018, alishika njia ya pili. Alimpa Briseis, mateka wa Achilles, nafasi ya kusimulia vita vya Troia, na hakumvisha mapenzi ambayo mateka hana uhuru wa kuyakubali wala kuyakataa.

Warumi walimwita Hades kwa jina la Pluto, na jina hilo likapewa sayari iliyogunduliwa mwaka 1930, ambayo tangu mwaka 2006 inahesabiwa kuwa sayari kibete. Mwezi wake mkubwa, Charon, uligunduliwa mwaka 1978 na James Christy. Katika kuuchagulia jina alianza na jina la mkewe, Charlene, ndipo akakuta kwamba Charon ni mvushaji wa roho za wafu katika visasili. Hata huko mbali, basi, pendo la mtu liliingizwa katika nchi ya mauti. Chombo cha anga cha New Horizons kilipoipita Pluto mwezi wa Julai 2015, kiligeuza kamera nyuma na kuupiga picha upande wake wa giza. Picha zilizochapishwa mwaka 2021 zinaonyesha sehemu za kusini, ambako jua halitawaka kwa miongo kadhaa, zikiwa zimemulikwa na nuru inayorudishwa na Charon peke yake. Ni sura yenye ukungu, iliyopatikana kwa kuunganisha picha nyingi na kuondoa mng'ao wa jua. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kuna mahali peupe zaidi, yamkini pa barafu. Mwanga wa kuazima ulionyesha kilichokuwapo. Haukukibuni. Hicho ndicho kipimo kinachofaa kwa simulizi ya pili: nayo huishi kwa mwanga wa kuazima.

Ubunifu Usio Kosa

Ni lazima kujihadhari na uhakiki unaoabudu matini kongwe. Mapenzi ya Troilus na Cressida, yanayotajwa kana kwamba ni ya Wayunani, hayamo kwa Homer. Katika Iliad Troilus anatajwa mara moja tu, naye ni miongoni mwa wana wa Priam waliokwisha kufa. Aliyeyabuni mapenzi hayo ni Benoît de Sainte-Maure, mshairi wa Ufaransa wa karne ya 12; yakapokewa na Boccaccio, kisha Chaucer, kisha Shakespeare. Yakamfikia msomaji wa Kiswahili mwaka 1969, Julius Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi. Katika sehemu ya tano ya mchezo huo Lorenzo na Jessica wamekaa chini ya mbalamwezi, wakishindana kutaja wapendanao wa kale waliowahi kuwa na usiku kama ule. Wa kwanza kutajwa ni Troilus.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kila jozi inayotajwa hapo iliishia pabaya. Cressida alimwacha mwenzake, Thisbe na Dido walijiua, Medea aliua. Tena Jessica ametoroka kwa babake na sehemu ya mali, na baba huyo amekwisha kuvunjwavunjwa mahakamani. Shakespeare anaachia mwezi uwake, lakini chini ya mwanga wake anaweka orodha ya maafa, wapendanao wenyewe wakiitaja kwa mzaha. Msomaji anapata utamu na uchungu kwa pamoja. Hapa mapenzi ya kubuni hayakumdhulumu mtu.

Mke wa Liyongo

Mto Tana, baada ya kupita Garissa, hushuka hadi Kipini na kumwagika katika Ghuba ya Ungwana. Hiyo ndiyo nchi ya Fumo Liyongo. Katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anaozwa mke kutoka kwa watu wa bara wanaoitwa Wagala, jina ambalo leo huhesabiwa kuwa la dharau. Wazawa wao walio kando ya Tana hujiita Waorma. Watu hao walikuja Pate, wakastaajabia nguvu za shujaa, wakataka wapate mbegu yake. Mtawala wa Pate akaridhia. Mwanamke akaolewa, akazaa mwana. Utendi haumpi jina wala haumpi neno la kusema.

Nyanda ambazo leo ni kaunti za Garissa na Tana River zilikuwa malisho ya Waorma kabla ya Wasomali kuwasukuma ng'ambo ya mto katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa hiyo mwanamke huyo asiye na jina ni mtu wa bara ya Tana, kama Persephone alivyokuwa mtu wa nchi ya juu. Kishawishi cha kumbunia mapenzi ni kikubwa, na vifaa viko tayari: mto, mikoma iliyoinama ukingoni, shujaa mrefu, na mwezi.

Kabla ya kushindwa na kishawishi hicho, msimulizi hana budi kutazama muundo wa utendi. Kisa cha Liyongo kinafungwa kwa mapatano ya ndoa kama kilivyofunguliwa. Mwana yule, aliyezaliwa kwa sababu watu wa mamake walihitaji mbegu, ndiye anayeshawishiwa na mtawala wa Pate aitafute siri ya kifo cha baba. Na miongoni mwa ahadi anazopewa ni kuozwa binti wa mtawala. Anaipata siri, anarudi na sindano ya shaba, anamchoma babake kitovuni akiwa usingizini. Ahadi hazikutimizwa, naye akafa kwa ugonjwa na fedheha. Sarafu ni moja mwanzo na mwisho, nayo ni mwanamke anayetolewa. Kwa sarafu hiyo mwana alinunuliwa azaliwe, na kwa sarafu hiyohiyo akanunuliwa aue.

Mtu akiyaweka mapenzi makubwa kati ya Liyongo na mkewe na kuyasahau mapatano, usaliti wa mwana unabaki kuwa uovu usio na chanzo, na utendi unapoteza hoja yake nzito kuliko zote. Akiyaweka mapenzi na asiyasahau mapatano, huenda akaongeza kitu ambacho Kijumwa hakukitoa: jina la mwanamke, na maoni yake juu ya bei aliyotajiwa. Ubunifu wa namna hiyo ungekuwa deni linalolipwa.

Chapa na Kwato

Kuna sababu njema ya kumtakia msomaji wa Kaskazini Mashariki hadithi za mapenzi. Eneo hili liliwekwa chini ya hali ya hatari mwishoni mwa mwaka 1963, na sheria zake zilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wajir ilishuhudia mauaji ya Wagalla mnamo Februari 1984. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Magazetini jina la mkoa huu limezoeana na damu na ukame. Atakayesema kwamba vijana wake hawana haki ya mbalamwezi atakuwa amewaongezea dhuluma juu ya dhuluma.

Tena mapenzi si bidhaa ya kuagizwa. Elmi Boodhari wa Berbera, aliyefariki mwaka 1941, anakumbukwa na Wasomali wote kwa tungo alizomtungia Hodan, msichana aliyeozwa mume mwingine. Husimuliwa kwamba kilichomuua ni mahaba. Desturi nayo iliacha mlango: wapendanao waliokataliwa waliweza kutorokea mbali kwa shehe na kuoana kwa ndoa ya masaafo. Na dini inatambua kwamba meher ni haki ya bibi arusi mwenyewe, tofauti na yarad ambayo hupewa jamaa zake.

Hata hivyo, kando ya mlango huo kuna mingine. Kuna godobtir, ambapo msichana hutolewa kwa ukoo uliofiwa ili damu isilipwe kwa damu. Kuna binti anayetolewa shuleni aolewe, ingawa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka umri kuwa miaka 18. Nuruddin Farah alianza kazi yake ya riwaya mwaka 1970 na msichana wa namna hiyo: Ebla wa From a Crooked Rib anakimbia kambi ya wafugaji usiku baada ya babu yake kumpatania ndoa na mzee. Riwaya hiyo haina haja ya kumgeuza mzee yule awe mpenzi asiyeeleweka.

Ndipo kisa cha Io kinapopata uzito wake kamili. Kwa mujibu wa Ovid, Jupiter alimfunika msichana huyo kwa ukungu na kumnajisi, kisha akamgeuza mtamba mweupe ili mkewe asijue. Msichana akawa ng'ombe, akatolewa zawadi, akawekewa mlinzi. Mtu wa Garissa, ambako soko la mifugo ni miongoni mwa makubwa nchini, haoni maajabu makubwa katika mgeuko huo. Anaona kwamba mzaha wa posa umechukuliwa kwa maana yake halisi. Siku moja mtamba anafika kwenye mto wa babake. Baba anamlisha majani bila kumtambua. Hawezi kusema, basi anaandika jina lake vumbini kwa ukwato. Jina lenyewe ni herufi mbili, I na O, mstari na duara, na si mbali sana na alama ambayo ukwato wa ng'ombe huiacha kila unapokanyaga.

Mnyama wa mfugaji huwa na chapa ya moto, alama ya ukoo inayotangaza ni wa nani. Chapa huandikwa juu ya mnyama na mwenye mali. Io anaandika mwenyewe, chini, kwa mguu, kutangaza yeye ni nani. Masimulizi ya upya yote yangeweza kupimwa kwa tofauti hiyo: je, mapenzi yaliyobuniwa ni chapa nyingine juu ya ngozi ya mhusika, au yanampa mahali pa kuandika?

Mwezi Uitwao Io

Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mnamo Januari 1610. Mwaka 1614 Simon Marius, kwa dokezo la Kepler, alipendekeza iitwe Io, Europa, Ganymede na Callisto, akiihesabu kuwa wapenzi wa siri wa Jupiter. Majina hayo hayakutumika sana hadi karne ya 20, lakini leo hayana mpinzani. Wapenzi! Mmoja alifunikwa kwa ukungu, mmoja alichukuliwa na fahali hadi ng'ambo ya bahari, mmoja ni mvulana aliyenyakuliwa, na mmoja alidanganywa kisha akageuzwa dubu. Neno moja la heshima lilitosha kuwafunika wote wanne, na kwa jina hilo wanazunguka mbinguni.

Mtu akiwaza kuelea juu ya mawingu ya Mshtarii usiku, angemwona Io katika ukubwa unaokaribia ule wa mwezi wa dunia. Nuru ya jua inayofika huko ni takriban sehemu moja ya 27 ya ile inayofika Garissa. Kwa hiyo, ingawa Io hurudisha nuru vizuri kuliko mwezi wa dunia, mbalamwezi yake ni hafifu zaidi, na hakuna ardhi ya kutandika jamvi. Mwaka 1979 chombo cha Voyager 1 kilifichua kwamba mwezi huo unatapika volkano. Sababu inajulikana: Mshtarii humvuta upande mmoja, Europa na Ganymede humvuta kwa zamu upande mwingine, naye hukandwa hivyo mpaka mwamba unayeyuka. Akitazamwa kwa mbali ni taa nzuri. Akikaribiwa, ni mwili unaovutwa na wenye nguvu kumshinda.

Hitimisho

Katika tamthilia ya Prometheus aliyefungwa, inayonasibishwa na Aeschylus, Io akiwa anafukuzwa na pange anatabiriwa kwamba atafika kwa watu weusi wanaokaa penye chemchemi za jua, aufuate mto Aithiops mpaka Misri. Wayunani wenyewe, basi, waliiona Afrika kuwa mahali ambapo mtamba huyo angerudishiwa umbo lake. Msimulizi wa Garissa, awe mwanafunzi anayekusanya ngano za bibi yake au mwandishi anayemrudia Liyongo, anaweza kuipokea kazi hiyo bila kuomba ruhusa. Abuni mapenzi akipenda, na mwezi auwashe. Ila akague vumbi kwanza, kabla ya kulifagia kwa ajili ya harusi.

Ovid anaeleza kwamba Io, aliporudi kuwa mwanamke na kusimama tena kwa miguu miwili, aliogopa kusema asije akalia kama ng'ombe. Akajaribu maneno kwa woga, moja baada ya jingine. Masimulizi mengi ya upya huharakisha yapite hapo yafikie furaha. Hapo ndipo panapostahili kungojewa, mpaka mwenyewe aseme.